Wagonjwa Waliongezeka, Vifo Havikuongezeka: Somo Kuhusu Saratani ya Tezi ya Shingo

Maneno ya kusoma kwanza. Mwalimu ayaandike ubaoni, na wanakisomo wayasome pamoja: tezi, rovu, uvimbe, saratani, hadubini, altrasaundi, upasuaji, mwangwi.

Shika shingo yako

Ndugu msomaji, weka vidole viwili mbele ya shingo yako, chini kidogo ya kikoromeo. Sasa meza mate. Unasikia kitu kinapanda, kisha kinashuka. Hapo, chini ya ngozi, ndipo ilipo tezi ya shingo. Hospitalini huitwa thairoidi.

Umbo la tezi hii ni kama kipepeo aliyetandaza mabawa. Bawa moja liko kulia kwa bomba la pumzi, na bawa moja liko kushoto. Kwa mtu mzima tezi nzima ina uzito wa gramu 20 hivi. Ni kitu kidogo, lakini kazi yake ni kubwa. Tezi hutengeneza maji fulani yanayoingia katika damu na kuuambia mwili uende kwa mwendo gani. Maji hayo yakipungua sana, mtu huchoka ovyo, husikia baridi, na moyo wake hupiga polepole. Mtoto akiyakosa tangu tumboni, akili yake haikui vizuri.

Ili tezi ifanye kazi hiyo inahitaji madini yaitwayo ayodini, na haihitaji mengi. Watu wa pwani huyapata katika samaki wa baharini. Watu wa milimani wana shida zaidi, kwa sababu mvua ya miaka mingi imeyaosha madini hayo kutoka katika udongo. Tezi ikikosa ayodini huvimba ikijitahidi kufanya kazi. Uvimbe huo ndio rovu. Wazee wa nyanda za juu wanalijua rovu vizuri, maana zamani lilikuwa jambo la kawaida. Ndiyo sababu chumvi ya dukani hutiwa ayodini.

Rovu si saratani. Tafadhali liweke neno hili akilini, kwa sababu watu wengi wakiona uvimbe shingoni huanza kulia kabla hawajafika zahanati. Kati ya vivimbe 100 vinavyopatikana katika tezi hii, zaidi ya 90 si saratani.

Somo letu la leo ni juu ya vile vichache vilivyobaki.

Saratani isiyo na haraka

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana. Jicho haliwezi kuziona, mpaka utumie hadubini. Kila siku chembe nyingine hufa na nyingine huzaliwa, kwa utaratibu wake. Saratani, au kansa kama wengine wanavyosema, ni chembe zilizoacha utaratibu huo. Zinazaana bila kukoma, na mwisho zinaweza kuhamia sehemu nyingine za mwili.

Tumezoea kufikiri kwamba saratani zote ni sawa na kwamba zote huua. Sivyo. Katika tezi ya shingo ziko za namna mbalimbali. Iko moja kali mno, ambayo huwapata zaidi wazee. Huvimba kwa muda wa wiki chache tu, na huua kwa muda wa miezi. Kwa bahati ni ya nadra. Iliyo ya kawaida kuliko zote huitwa papilari. Hii mara nyingi huenda polepole sana. Nyingine hukaa palepale miaka 20 au 30 bila kukua, na mwenye shingo hana habari.

Tunajuaje kwamba inaweza kukaa bila mtu kuwa na habari? Mwaka 1985 wataalamu wa nchi ya Finland walitoa habari za uchunguzi wao. Walichukua tezi za maiti 101 za watu waliokufa kwa sababu nyingine, kama vile ugonjwa wa moyo au ajali. Walizikata vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini. Katika tezi 36 kati ya hizo 101 walikuta saratani ya papilari. Ni zaidi ya theluthi moja! Watu wale walikuwa wameishi, wamefanya kazi, wamelea watoto, na wamekufa kwa jambo jingine kabisa. Saratani ile walizikwa nayo.

Kwa hiyo iko saratani ambayo ukiitafuta utaipata, na usipoitafuta haitakusumbua. Jambo hili ni gumu kulikubali. Mimi mwenyewe nilipolisoma mara ya kwanza nilirudia ukurasa ule mara tatu, maana sote tumelelewa na neno moja tu: wahi hospitali. Lakini bila kulielewa jambo hili hatuwezi kuelewa mambo yaliyotokea baadaye.

Mashine iliyoona zaidi ya mkono

Zamani daktari alitumia vidole vyake. Alikaa nyuma ya mgonjwa, akamshika shingo, akamwambia ameze mate, kama ulivyofanya wewe sasa hivi. Uvimbe ulipaswa kuwa na ukubwa wa kutosha ili vidole viusikie. Uliokuwa mdogo kama punje ya choroko ulimpita.

Kisha ikaja altrasaundi. Akina mama wengi wanaijua, maana ndiyo inayotumika kumtazama mtoto tumboni. Mashine hii hutoa sauti ambayo sikio halisikii. Sauti hugonga viungo vya ndani na kurudi, kama unavyoita mbele ya mlima na mlima ukakujibu kwa mwangwi. Mashine husoma mwangwi ule na kuchora picha. Haina maumivu, na haichukui muda mrefu. Na inaweza kuona uvimbe wenye upana wa milimita 2 tu.

Tangu miaka ya 1980 mashine hizi zilienea katika nchi tajiri. Pamoja nazo ulienea utaratibu wa kuchoma uvimbe kwa sindano nyembamba, kuvuta chembe kidogo, na kuzipima kwa hadubini. Mashine ikiona punje, sindano inafuata. Sindano ikikuta chembe mbaya, kisu kinafuata.

Wavuvi watalielewa jambo hili upesi. Mvuvi mwenye wavu wa macho makubwa hurudi na samaki wakubwa wachache. Siku moja ananunua wavu wa macho madogo, na mashua inajaa dagaa. Je, ziwa limezaa samaki wapya usiku ule? La. Dagaa walikuwamo siku zote. Kilichobadilika ni wavu.

Tufanye hesabu

Chukueni kalamu na daftari. Tuseme kuna vijiji 100, na kila kijiji kina watu 1,000. Jumla ni watu 100,000. Wataalamu hupenda kuhesabu magonjwa kwa watu 100,000 ili nchi kubwa na nchi ndogo ziweze kulinganishwa.

Katika nchi ya Marekani mwaka 1975, kwa kila watu 100,000, watu karibu 5 waliambiwa kwamba wana saratani ya tezi ya shingo. Mwaka 2009 hesabu ilikuwa imefika watu 14 na zaidi kidogo. Kwa hiyo wagonjwa waliongezeka karibu mara tatu.

Mtu akisoma mpaka hapo atasema, "Loo, kuna balaa! Ni chakula? Ni maji? Ni hewa?" Lakini asifunge daftari. Kuna mstari wa pili, nao ni wa vifo. Mwaka 1975 kifo kilikuwa nusu ya mtu kwa kila watu 100,000. Nusu ya mtu haipo, lakini maana yake ni hii: katika vijiji vyetu 100, mtu mmoja alikufa kila baada ya miaka miwili. Na mwaka 2009? Vilevile. Mtu mmoja kila baada ya miaka miwili.

Fikiri sasa. Kama kweli ugonjwa wenyewe ungeongezeka mara tatu, vifo navyo vingepanda. Mtu anaweza kujibu kwamba labda matibabu yalikuwa mazuri zaidi na yakawaokoa waliozidi. Huenda matibabu yalisaidia kidogo. Lakini ili mstari wa vifo ubaki palepale, matibabu yangepaswa kuwa yanaboreka kwa kipimo kilekile ambacho ugonjwa unaongezeka, mwaka baada ya mwaka, bila kuzidi wala kupungua. Hilo ni gumu kuaminika. Jibu jepesi zaidi ni wavu.

Habari ya Korea ya Kusini

Hakuna nchi iliyoonyesha jambo hili wazi kama Korea ya Kusini.

Mwaka 1999 serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa taifa wa kuwapima watu saratani, kama vile saratani ya tumbo, ya matiti na ya shingo ya kizazi. Nia ilikuwa njema. Saratani ya tezi ya shingo haikuwamo katika mpango huo. Lakini hospitali na zahanati nyingi zilikuwa na altrasaundi, na mtu alipofika kwa vipimo vile vingine aliambiwa kwamba akiongeza dola 30 hadi 50 atapimwa shingo pia. Kwa watu wa nchi ile hizo si fedha nyingi. Nani angekataa?

Tumchukue mama mmoja. Mfano huu tumeutunga sisi, lakini yaliyomo ndani yake yaliwapata maelfu ya watu. Mama huyu ana miaka 45, anauza samaki sokoni, na sauti yake ndiyo mtaji wake. Haumwi popote. Amekwenda kupimwa tumbo. Muuguzi anamwambia, "Mama, ongeza fedha kidogo tukutazame na shingo." Anakubali. Mashine inaona punje ya milimita 6. Sindano inachoma. Baada ya siku chache anaitwa ofisini, na anaambiwa neno lile ambalo hakuna anayependa kulisikia.

Usiku ule hapati usingizi. Anawafikiria watoto. Mwezi unaofuata anapasuliwa, na tezi yote inatolewa. Tangu siku hiyo atameza kidonge kila asubuhi mpaka kufa, kwa sababu mwili hauwezi kukaa bila yale maji ya tezi. Akiacha kidonge, atachoka, atavimba, na moyo utalegea.

Nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vingine vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Kazi yao ni kulinda kipimo cha kalisi katika damu. Daktari akitoa tezi kubwa anaweza kuviumiza hivyo vidogo. Pia pembeni hupita mishipa ya fahamu inayoendesha sauti. Zilipotazamwa habari za watu zaidi ya 15,000 waliopasuliwa tezi huko Korea, ilionekana kwamba 11 katika kila 100 walibaki na upungufu wa kalisi. Vidole vyao hufa ganzi na misuli hukakamaa. Na 2 katika kila 100 walipooza nyuzi za sauti. Muuza samaki asiye na sauti atawaitaje wateja?

Lakini sikilizeni jambo la ajabu. Mama huyu akipona vizuri, hatalalamika. Atashukuru. Atawaambia jirani zake, "Nilikuwa na saratani, altrasaundi imeniokoa. Nendeni mkapimwe." Jirani watano watakwenda, na mmoja wao atakutwa na punje. Naye atapasuliwa, naye atashukuru, naye atawaambia wengine watano. Kila anayepasuliwa bila sababu huwa shahidi wa kuwaita wengine. Na wewe ukimtazama yeye peke yake huwezi kumwambia kwamba amekosea. Huenda punje yake ilikuwa moja ya zile mbaya. Hakuna ajuaye. Ukweli hauonekani kwa mtu mmoja. Unaonekana unapohesabu nchi nzima.

Na nchi nzima ilipohesabiwa, mambo yalikuwa hivi. Mwaka 2011 idadi ya watu walioambiwa kwamba wana saratani ya tezi ya shingo, kwa kila watu 100,000, ilikuwa mara 15 ya ile ya mwaka 1993. Watu zaidi ya 40,000 waliambiwa hivyo katika mwaka huo mmoja. Saratani hii ikawa ya kwanza kwa wingi nchini, ikizipita zote. Mikoa ambayo watu wengi zaidi walipimwa shingo ndiyo iliyokuwa na "wagonjwa" wengi zaidi. Karibu wote walipasuliwa, na theluthi mbili yao walitolewa tezi yote.

Na waliokufa kwa saratani hiyo? Walikuwa kati ya 300 na 400 kwa mwaka. Mwaka nenda, mwaka rudi, hesabu ya vifo ilikuwa ileile.

Ujanja wa mia kwa mia

Huenda mwanakisomo mmoja akasema: "Lakini mwalimu, madaktari wa Korea walisema kwamba karibu kila mgonjwa wao anaishi. Huo si ushindi?"

Tufanye hesabu nyingine. Hii ni ya kujifunzia tu. Katika wilaya fulani watu 10 wanaugua saratani hasa. Watu 3 wanakufa, na 7 wanapona. Kwa hiyo waliopona ni 70 katika 100. Mwaka unaofuata mashine inaletwa. Wanapatikana wale wale 10, pamoja na wengine 90 wenye punje zisizo na madhara. Wote 100 wanatibiwa. Wale 90 wanaishi, kwa sababu wangeishi hata bila matibabu. Wale 10 wanakuwa kama mwaka jana: 3 wanakufa, 7 wanapona. Sasa waliopona ni 97 katika 100!

Hospitali itabandika hesabu hiyo ukutani, na itafurahi. Lakini makaburi ni matatu, kama mwaka jana. Hakuna aliyedanganya. Kila tarakimu ni ya kweli. Hata hivyo watu 90 wamekatwa shingo bila faida. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba wanaopona wameongezeka, muulize swali la pili: na wanaokufa wamepungua wangapi?

Wataalamu wa shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, walitoa makadirio yao mwaka 2016. Walitazama nchi 12 tajiri kwa muda wa miaka 20. Waliona kwamba wanawake 470,000 na wanaume 90,000 hivi waliambiwa kuwa na saratani ya tezi ya shingo ambayo isingewasumbua maisha yao yote. Huko Korea ya Kusini, katika miaka ya 2003 hadi 2007, walikuwa 90 katika kila wanawake 100 walioambiwa hivyo.

Ona jinsi wanawake walivyo wengi. Moja ya sababu ni kwamba mwanamke huenda hospitali mara nyingi zaidi, kwa ajili ya uzazi na watoto. Anayepita mbele ya mashine mara nyingi ndiye anayeonekana mara nyingi. Katika maiti, tofauti ya wanaume na wanawake haionekani hivyo.

Madaktari waliosema basi

Mwezi wa Machi mwaka 2014 madaktari wanane wa Korea ya Kusini waliandika barua ya wazi kwa wananchi. Walisema kwamba mtu asiye na dalili yoyote asipimwe shingo kwa altrasaundi. Lilikuwa jambo la ushujaa, maana madaktari wengine na hospitali walikuwa wanapata fedha katika kazi ile, na wengine waliamini kwa moyo mweupe kwamba wanaokoa watu. Magazeti na televisheni zilibishana. Kwa muda wa mwaka mmoja tu upasuaji wa tezi ulipungua kwa 35 katika kila 100. Vifo havikupanda.

Japani walikuwa wameanza mapema kwa njia nyingine. Katika mji wa Kobe kuna hospitali iitwayo Kuma. Tangu mwaka 1993 madaktari wa pale waliwaambia wagonjwa wenye saratani ndogo, isiyozidi sentimita 1, kwamba wanaweza kuchagua. Wakitaka, watapasuliwa. Wasipotaka, watarudi kupimwa kila baada ya muda, na punje ikikua ndipo watapasuliwa. Mwaka 2014 walitoa matokeo ya watu 1,235 waliochagua kusubiri. Kwa muda wa miaka 10, punje zilizokua kwa milimita 3 au zaidi zilikuwa 8 katika kila 100. Walioonekana saratani imefika katika matezi ya pembeni ya shingo hawakufika 4 katika kila 100. Hao walipasuliwa wakati huo, na hawakuwa wamechelewa. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa saratani ile.

Kusubiri namna hii si uzembe. Ni kama mkulima anayetembelea shamba lake kila wiki akitazama kama wadudu wameongezeka, na dawa anayo nyumbani. Lakini kunahitaji moyo. Kulala usiku ukijua kwamba una kitu kiitwacho saratani si jambo jepesi. Mwaka 2016 wataalamu walikubaliana kwamba aina moja ya uvimbe wa tezi hii, uliofungwa ndani ya ganda lake na usiovamia, usiitwe saratani tena. Walibadili jina tu. Na jina peke yake huweza kumpeleka mtu kwenye kisu.

Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa Marekani nalo lilitoa shauri: watu wazima wasio na dalili wasipimwe saratani hii.

Wakati ugonjwa ulipoongezeka kweli

Tusije tukafikiri kwamba kila ongezeko ni la mashine. Tarehe 26 Aprili 1986 kinu cha nishati ya nyuklia kililipuka huko Chernobyl, katika nchi ya Ukraine, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya Muungano wa Kisovyeti. Ayodini yenye sumu ya mnururisho ilipaa angani na kuanguka juu ya majani. Ng'ombe walikula majani, na watoto walikunywa maziwa. Tezi ya shingo haijui kutofautisha ayodini nzuri na mbaya, ikaivuta yote. Watoto ambao miili yao ilikuwa na upungufu wa ayodini waliivuta zaidi, kama udongo mkavu unavyovuta maji.

Kufika mwaka 2005 waliokuwa watoto na vijana wakati wa mlipuko, wakapata saratani ya tezi ya shingo, walikuwa zaidi ya 6,000. Kwa sehemu kubwa saratani hizo zililetwa na maziwa yale. Wengi walitibiwa wakapona. Mpaka mwaka huo waliokufa walikuwa 15.

Mwezi wa Machi mwaka 2011 ajali ya namna hiyo ilitokea Fukushima, Japani. Serikali iliogopa, ikawapima shingo kwa altrasaundi watoto karibu 300,000. Punje zikaonekana, na wazazi wakaingiwa na hofu. Lakini mnururisho ule ulikuwa mdogo kuliko wa Chernobyl, na punje zilionekana mapema mno kuweza kuletwa na ajali. Wataalamu wengi wanasema ni ule wavu wa macho madogo tena. Mwaka 2018 lile shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani lilishauri kwamba hata baada ya ajali za nyuklia watu wote wasipimwe shingo kwa jumla.

Nani aende hospitali?

Hapa tuseme wazi, ili mtu asije akasema kwamba kitabu kilimzuia kutibiwa.

Ukiona au ukishika uvimbe mbele ya shingo, nenda ukapimwe. Nenda upesi zaidi kama uvimbe ni mgumu, au unakua, au kuna matezi pembeni ya shingo yasiyoondoka. Nenda kama sauti imekauka kwa wiki kadhaa bila mafua, au kama kumeza na kupumua kumekuwa kwa shida. Nenda pia kama ulipigwa mionzi ya matibabu shingoni ulipokuwa mtoto, au kama katika ukoo wenu wamekuwapo watu wenye saratani hii. Huku kwetu wako watu wanaokaa na uvimbe mpaka unaziba pumzi, wakidhani kwamba ni rovu tu. Kwao hatari ni kuchelewa, wala si kupimwa mno.

Tena msichanganye shingo na shingo. Saratani ya shingo ya kizazi ni jambo jingine kabisa. Kwa hiyo, kumpima mwanamke asiye na dalili huokoa maisha kweli, kwa sababu mabadiliko mabaya huonekana na kuondolewa kabla hayajawa saratani, na vifo hupungua. Akina mama wakiitwa kupimwa kizazi, waende.

Ukienda ukakutwa na punje ndogo shingoni, una haki ya kumwuliza daktari. Muulize ina ukubwa gani. Muulize ni ya aina gani. Muulize itakuwaje ukisubiri miezi sita na kupimwa tena. Daktari mwema hatakasirika.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini tezi ya shingo huvimba mtu akikosa ayodini? Je, chumvi mnayonunua imeandikwa kwamba ina ayodini?

2. Wataalamu wa Finland walikuta nini katika tezi 101? Watu wale walikufa kwa sababu gani?

3. Katika wilaya moja watu 20 wanaugua saratani, na 5 wanakufa. Mwaka wa pili mashine inaletwa. Wanapatikana wagonjwa 200, na 5 wanakufa. Je, matibabu yamekuwa bora? Onyesha hesabu yako ubaoni.

4. Yule mama muuza samaki wa Korea anaamini kwamba altrasaundi ilimwokoa. Ungekuwa jirani yake, ungemwambia nini? Au ungenyamaza?

5. Dada yako amekutwa na saratani ya milimita 7. Daktari anasema anaweza kupasuliwa au kusubiri. Mume anataka apasuliwe kesho, naye dada anaogopa kisu. Gawanyikeni makundi mawili, kila kundi litetee upande mmoja, kisha mbadilishane.